CNN: KUBADILI MANAHODHA SIYO MAGEUZI!

NDUGU msomaji, ukiona duka linapakwa rangi mpya kila mwaka, meneja anafukuzwa kila mwaka, na kibao cha mlangoni kinaandikwa upya kila mwaka, usiulize rangi imetoka wapi. Chungulia ndani. Utakuta rafu ni tupu.

Ndivyo ilivyo leo kwa CNN, kile kituo cha Marekani cha habari saa 24, ambacho zamani ukikitaja hata watawala walikaa vizuri kitini. Leo kinatapatapa. Watazamaji wamekikimbia, wafanyakazi wanapunguzwa, mabosi wanaingia na kutoka kama abiria wa daladala, na wenye mali wanakipitisha mkono kwa mkono kama gari bovu lililopakwa nta ling'ae. Kila anayekuja anatangaza "mwanzo mpya". Tumeshachoka kuhesabu mianzo!

Utaniuliza: "Ndugu mwandishi, njaa yetu hapa imekwisha hata utuletee matatizo ya televisheni ya Wamarekani?" Swali ni zuri na nitalijibu kabla sijaweka kalamu chini. Kwa sasa nifuate taratibu, maana ugonjwa huu hauko Atlanta peke yake. Hata humu mwetu umo.

WALIPOTOKA

Tuanze na haki yao. Tarehe 1 Juni 1980, mtu mmoja aitwaye Ted Turner, aliyerithi biashara ya mabango ya matangazo kutoka kwa baba yake, alifungua kituo mjini Atlanta chenye kazi moja tu: habari, usiku na mchana. Wakati huo Mmarekani alipata habari za taifa jioni, kwa muda wa nusu saa, kutoka kwa wakubwa watatu: ABC, CBS na NBC. Wakubwa hao walimcheka Turner. Kituo chake wakakibandika jina la supu ya kuku na tambi. Mishahara ilikuwa midogo, mitambo ilikuwa ya kubangaiza, na vijana wake walifanya kazi hadi usingizi ukawachukua juu ya meza.

Lakini walikuwa na kitu kimoja: walikuwapo mahali jambo linapotokea. Tarehe 28 Januari 1986, chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka sekunde 73 baada ya kuruka na kuua watu wote saba waliokuwamo, wakubwa watatu walikuwa kwenye vipindi vyao vingine. CNN ilikuwa pale, inaonyesha moja kwa moja.

Kisha ukaja usiku wa kuamkia tarehe 17 Januari 1991. Mabomu ya Marekani na washirika wake yanaanguka Baghdad. Ndani ya hoteli ya Al-Rashid wamo waandishi watatu wa CNN: Bernard Shaw, Peter Arnett na John Holliman. Wanachungulia dirishani na kuuambia ulimwengu wanachokiona na wanachokisikia. Sisi wa Tanzania Bara wakati ule hatukuwa hata na televisheni. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 70, sisi tulingoja hadi 1994. Vita ile tuliisikiliza redioni. Lakini hata redioni jina la CNN lilitufikia, kwa sababu marais wenyewe walikuwa wanaitazama kujua vita vyao vinakwendaje!

Kumbuka jambo hili, ndugu msomaji, maana hoja yangu yote imesimama juu yake. Wale watu watatu pale hotelini hawakuwa wanabishana. Hawakuwa wanatoa maoni. Walikuwa wanatoa habari.

WALIPOJIKWAA

Mwaka 1996 walizaliwa wapinzani wawili: MSNBC mwezi Julai, na Fox News ya Rupert Murdoch mwezi Oktoba. Fox ilikuja na ujanja ambao hauhitaji shahada: mtazamaji mwambie kila siku kwamba wewe uko sawa, adui yako ni yule pale, na wengine wote wanakudanganya. Mtu akisifiwa hivyo asubuhi na jioni haondoki kitini. Mwanzoni mwa 2002 Fox ilikuwa imeshaipita CNN kwa watazamaji.

Ujanja huo una bei yake. Mwezi Aprili 2023 Fox ilikubali kuilipa kampuni ya mashine za kupigia kura ya Dominion zaidi ya dola milioni 787 ili kuimaliza kesi ya kuvumisha uongo kuhusu uchaguzi wa 2020. Barua zao za ndani zilizofichuliwa na kesi ile zilionyesha wakubwa na watangazaji wakisema faraghani kwamba hawaamini uvumi ule, huku hewani unaendelea kupewa nafasi! Huo ndio ubabaishaji wa kimataifa, na aliyedhania kwamba ubabaishaji ni mali ya Waafrika peke yao naomba aandike hapo.

CNN ilifanya nini ilipopitwa? Ingeweza kusema: hao wanauza maneno, sisi tutauza habari. Badala yake ikaanza kuuza maneno nayo! Mwandishi aliyeko Khartoum au Kyiv anahitaji tiketi, gari, mkalimani, bima, na wakati mwingine fulana ya kuzuia risasi. Watu wanane waliozunguka meza New York wanahitaji meza. Basi meza ikashinda. Kijiwe cha kahawa kikahamishiwa studio: huyu anampigia debe chama hiki, yule anampigia debe chama kile, mtangazaji yuko katikati kama refa wa mchangani aliyesahau filimbi. Saa moja inakwisha na hujaambiwa jambo moja ambalo ulikuwa hulijui. Tofauti na kijiwe cha mtaani kwetu ni moja tu: kwetu kahawa ipo.

Na habari ilipokosekana, ilitengenezwa kwa kuvutwa kama ubani wa kutafuna. Ndege ya Malaysia, MH370, ilipopotea tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239, CNN ilikaa nayo wiki hadi wiki ikiwa haina jipya. Ilifika mahali mtangazaji wao mmoja akawauliza wageni wake, hewani, kama inawezekana ndege imemezwa na lile shimo jeusi la angani! Familia za watu 239 zinalia, wao wanacheza.

Halafu akaja Donald Trump. Mwaka 2015 na 2016 CNN ilikuwa inarusha mikutano yake ya kampeni mzima mzima, bila kuhariri, kwa sababu anavuta watazamaji na kuvuta watazamaji ni fedha. Jeff Zucker, aliyekuwa bosi wa CNN wakati huo, alikiri mwezi Oktoba 2016 kwamba mwanzoni walirusha mikutano ile kupita kiasi. Alikiri mwezi mmoja kabla ya kura! Maji yalikuwa yameshamwagika. Na Trump aliposhinda, kituo kilekile kilichomkuza kikageuka kuwa mpinzani wake wa kila saa, nacho kikapata faida upya. Kumpamba mtu kwa faida, halafu kumpiga mtu yuleyule kwa faida! Mtazamaji si mjinga. Aliona.

DAWA ZA WAGANGA WA KIENYEJI

Sasa tuhesabu dawa walizokwisha kunywa.

Dawa ya kwanza ilikuwa kubadili mwenye mali. Turner aliiingiza CNN katika Time Warner mwaka 1996. Mwaka 2001 Time Warner ikafunga ndoa na AOL, ndoa ambayo wanafunzi wa biashara hadi leo wanafundishwa kama mfano wa mkosi. Mwaka 2018 ikanunuliwa na AT&T, kampuni ya simu. Mwezi Aprili 2022 AT&T ikaitema, ikaunganishwa na Discovery ya David Zaslav, na kampuni mpya ikaanza maisha na deni la zaidi ya dola bilioni 50. Mwezi Desemba 2025 ikawa mnada: Netflix inataka studio za filamu bila CNN, na siku tatu baadaye Paramount ya David Ellison inaleta dau la kuchukua vyote, CNN ikiwamo. Wazee walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hawa wa kwao hata hawashiki usukani. Kila mmoja anapanda kuhesabu shehena tu, kisha anatafuta wa kumuuzia.

Sisi tulioshuhudia mashirika yetu ya umma yakipigwa mnada tunaujua wimbo huu. Mnunuzi anaingia na hotuba ya "ufanisi". Wiki ya pili anauza majengo. Wiki ya tatu anapunguza watu. Akiulizwa kiwanda kinatengeneza nini, anatazama saa.

Dawa ya pili ilikuwa mtandao wa kulipia. Tarehe 29 Machi 2022 wakazindua CNN+ kwa mbwembwe na kwa mamilioni ya dola. Wakaajiri watu na kuvuta watangazaji maarufu kutoka vituo vingine. Tarehe 28 Aprili 2022 wakaifunga. Mwezi mmoja! Hata genge la nyanya hupewa muda mrefu zaidi. Mwenye mali mpya aliikuta, hakuipenda, akaizima, na watu waliokuwa wameacha kazi zao kuja kujenga "mustakabali" wakaonyeshwa mlango.

Dawa ya tatu ndiyo iliyosifiwa sana: "kurudi katikati". Aliletwa Chris Licht mwezi Mei 2022 ili kuwavuta na watu wa mrengo wa kulia bila kuwapoteza wa mrengo wa kushoto. Tarehe 10 Mei 2023 CNN ikampa Trump jukwaa huko New Hampshire, ndani ya ukumbi uliojaa watu wa upande wake, wanashangilia kila anachosema, na mtangazaji mmoja, Kaitlan Collins, anajaribu kumsahihisha kama mtu anayekinga mvua kwa ungo. Wa kushoto walikasirika. Wa kulia walipiga makofi, kisha wakarudi Fox. Njia mbili zilimshinda fisi! Mwezi Juni 2023 Licht alikuwa nje, baada ya miezi kama kumi na mitatu.

Dawa ya nne ni panga. Mwezi Julai 2024 zilikatwa kazi kama 100. Mwezi Januari 2025 zikakatwa nyingine kama 200, na papo hapo zikatangazwa dola milioni 70 za kuwekeza katika mambo ya mtandao. Kiongozi wa awamu hii ni Mark Thompson, aliyeingia Oktoba 2023 baada ya kuongoza BBC na kisha The New York Times. Huyu angalau anaujua ukweli mmoja ambao wenzake waliukimbia: kwamba nyumba yenyewe inaungua.

NYUMBA INAYOUNGUA

Nieleze kidogo, maana wengi hudhani vituo hivi vinaishi kwa matangazo ya sabuni peke yake. La hasha. Mmarekani aliyefungiwa waya wa televisheni analipa kwa mwezi furushi zima la vituo. Ndani ya malipo hayo, kila kituo kina fungu lake, mwenye nyumba akitazame asikitazame. Ni sawa na kulipa ushuru wa soko hata siku ambayo hukununua kitu. Kwa miaka mingi CNN ilikula ushuru huo kutoka katika mamilioni ya nyumba zisizoifungua hata mara moja kwa wiki.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 nyumba zilizokuwa zinalipia furushi la namna hiyo zilikaribia milioni 100. Tangu hapo zinapungua mwaka hadi mwaka, kwa mamilioni. Vijana hawataki waya, wana simu. Anayebaki na waya ni babu, na babu haishi milele. Kwa hiyo hata CNN ikimshinda Fox kesho asubuhi, itakuwa imeshinda kiti cha mbele katika basi linalotumbukia mtoni.

Mwezi Oktoba 2024 walianza kutoza wasomaji wa tovuti yao dola 3.99 kwa mwezi, na Oktoba 2025 wakaleta mpango mkubwa zaidi wa dola 6.99. Sikatai. Mlango wa kutokea ni huo. Lakini ndugu msomaji, nani atatoa shilingi yake kwa hiari kununua kelele? Kelele ziko bure kila mahali. Mtu hulipia kile ambacho hakipati kwa jirani. Na ndipo tunaporudi kwenye zile rafu tupu.

MAGEUZI YA KWELI

Neno mageuzi sisi tunalijua. Tuliliimba tangu 1992. Tuliona pia jinsi neno zuri linavyoweza kuvalishwa sanamu ileile ya zamani. Mageuzi ni kugeuza nani anamtumikia nani, siyo kugeuza sare. Kwa kipimo hicho, haya ndiyo ningewaambia waheshimiwa wa Atlanta na New York kama wangeuliza.

Kwanza, vunja meza. Chukua fedha wanazolipwa wasemaji na wachambuzi wa kukodi, wanaokuja kupigia debe vyama, uzipeleke kwa waandishi wa mitaani. Fungua ofisi katika miji ya Marekani ambayo magazeti yake yamekufa, na yamekufa mengi mno. Mji usio na mwandishi ni mji ambao diwani anakula bila kunawa. CNN ikiwa ndiyo inayoketi kwenye kikao cha bodi ya maji huko, watu wa mji ule watailipia bila kubembelezwa.

Pili, acha kutafuta "katikati". Ukweli hauishi katikati ya barabara. Mmoja akisema mvua inanyesha na mwingine akisema jua linawaka, kazi ya mwandishi siyo kuwapa dakika tano tano. Ni kufungua dirisha. Sisi tunaoandika katika gazeti la chama hatujifanyi malaika: jina la gazeti na msimamo wake viko ukurasa wa kwanza, mwenye kununua ananunua akijua. Anayetangaza kwamba hana upande ndiye mwenye wajibu mzito kuliko wetu. Asiwe na upande wa chama, lakini awe na upande wa ukweli, hata ukimchoma anayemtazama.

Tatu, kiri makosa hewani, saa ileile na kwa sauti ileile. Mwezi Julai 2015, Rais Obama akiwa njiani kwenda Kenya, CNN iliieleza nchi ile kama kitovu cha ugaidi. Wakenya wakawaka mtandaoni, nao kwa kuisuta CNN mtandaoni wana historia. Mwezi uliofuata mkubwa mmoja wa kituo hicho, Tony Maddox, alipanda ndege hadi Nairobi kumwomba radhi Rais Uhuru Kenyatta. Vizuri. Lakini aliyetukanwa ni mwananchi, na radhi ikapelekwa Ikulu! Hapo ndipo wanapokosea. Radhi ya chombo cha habari inadaiwa na mtazamaji.

Nne, waajiri wenyeji na waachie sauti. Mwezi Novemba 2017 ni CNN iliyoonyesha Waafrika wenzetu wakiuzwa Libya kama mbuzi mnadani, na dunia nzima ikashtuka, Umoja wa Afrika ukiwamo. Aliyeongoza kazi ile, Nima Elbagir, ni mzaliwa wa Sudan. Aliyejua pa kutazama ni mtu wa huku. Kazi moja ya namna ile ina thamani kuliko miaka kumi ya meza.

Tano, na hili ndilo gumu kuliko yote: itoeni CNN mikononi mwa wachuuzi. Chombo cha habari kilicho kipande kidogo ndani ya kampuni kubwa ni mateka. Mwenye mali ana mikataba, ana madeni, ana maombi ya vibali serikalini. Rais akinuna, mwenye mali anatetemeka, na mtetemo unashuka ngazi hadi kwa mhariri. Hili siyo la kubuni. Mwezi Novemba 2018 Ikulu ya Marekani ilimnyang'anya mwandishi wa CNN, Jim Acosta, kibali cha kuingilia, hadi CNN ilipokwenda mahakamani kikarudishwa. Mwezi Desemba 2024 ABC ilikubali kutoa dola milioni 15 kumaliza kesi ya Trump. Mwezi Julai 2025 Paramount ikatoa dola milioni 16, wakati ikingoja kibali cha serikali kuungana na Skydance, na kibali kikatoka mwezi huohuo. Mwezi Desemba 2025, mnada wa mwenye CNN ukiwa umepamba moto, Trump alisema waziwazi kwamba CNN ni lazima iuzwe. Rais wa nchi anapanga nani amiliki kituo kinachomhoji! Ingetokea kwetu wangetuandikia ripoti ya kurasa 90 kuhusu utawala bora.

Dawa ipo na siyo ngeni. Gazeti la The Guardian la Uingereza liliwekwa chini ya amana, Scott Trust, tangu 1936, ili lisiuzwe kama ng'ombe. Huko Florida, gazeti la Tampa Bay Times linamilikiwa na taasisi ya kufundisha uandishi, Poynter. CNN ikiwekwa chini ya amana ya namna hiyo, ikaishi kwa michango ya watazamaji wake na kwa kuuza habari zake duniani, itakuwa ndogo kuliko leo. Ndiyo, ndogo! Ilikuwa ndogo pia mwaka 1980.

WATAKAOPINGA

Najua kuna msomi mmoja hapo kijiweni ameshainua kidole. Atasema: "Huyu anaota. Habari ni ghali, watu wanataka burudani, soko limeshaamua." Mheshimiwa, soko limeamua lipi? Huyo Thompson mwenyewe alipoingia The New York Times mwaka 2012 gazeti lilikuwa na wateja wa mtandao chini ya milioni 1, na wajuzi walikuwa wanaliimbia tanzia. Alipoondoka mwaka 2020 walikuwa wameshapita milioni 5. Hawakuvutwa na meza ya wapiga kelele. Gazeti lilibakiza waandishi wengi, na watu wakalipa kuwasoma. Ni kweli siyo kila chombo ni The New York Times, na siyo kila mji una watu wenye akiba ya kulipia. Lakini CNN ina jina linalojulikana kila bara, na jina lile lilijengwa na habari. Kulitumia kuuza ubishi ni sawa na kutumia jahazi kufugia kuku.

Mwingine atasema: "Wakiacha ubishi watapoteza hata hao waliobaki." Huenda, kwa muda. Lakini hao waliobaki wanapungua kila mwaka kwa sababu ya waya wenyewe kufa. Kuwang'ang'ania ni kuchagua kufa taratibu ukidhani unaishi.

SISI YANATUHUSU NINI?

Sasa nalijibu lile swali lako, ndugu msomaji.

Mwezi Desemba 1992 wanajeshi wa Marekani waliposhuka ufukweni Mogadishu, kamera zilikuwa zimeshatangulia kuwasubiri. Somalia ilionwa. Mwaka 1994 Rwanda ilichinjwa kwa siku 100, watu wapatao 800,000. Tarehe 17 Juni mwaka huo, mauaji yakiwa bado yanaendelea, kamera za Marekani zilikuwa angani juu ya Los Angeles zikilifuata gari jeupe la O.J. Simpson. Hapo ndipo utaona uzito wa kile ambacho chombo cha habari kinachagua kutazama. Hatusemi kamera ingeyazuia mapanga. Tunasema muuaji hupenda giza.

Na usidhani hayo ni ya zamani au ya jirani. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi wetu, intaneti ilizimwa nchi nzima. Wazazi walitafuta watoto wao bila hata mtandao wa kuulizia. Mwezi Novemba CNN ilitoa uchunguzi wake: walikusanya video za wananchi, wakazihakiki mahali na wakati zilipopigwa, wakaonyesha polisi wakiwafyatulia risasi waandamanaji. Hapakuwa na meza. Hapakuwa na wachambuzi wanane. Palikuwa na kazi ya uandishi, iliyofanywa kwa subira, na Mtanzania aliyefungiwa mdomo akasikika ulimwengu mzima.

Sasa jiulize. Kazi ile ilifanywa na kitengo kinachogharimu fedha nyingi na kisicholeta matangazo ya biashara. Mwenye mali mpya akija na kalamu nyekundu, mwenye madeni, mwenye kutaka kibali cha rais wake, unadhani ataanza kukata wapi? Atakata pale pale ilipotoka sauti ya mama wa Mbezi au Mwanza. Meza itabaki. Meza haimuudhi mtu mwenye nguvu popote duniani.

Ndiyo maana yanatuhusu. Hatuipendi CNN kwa macho yake. Ilishatutukana, na ikirudia tutaisuta tena. Wala tusibweteke tukidhani mgeni atatusemea siku zote. Ni aibu kwamba tulisubiri Atlanta itueleze kilichotokea mtaani kwetu. Waandishi wetu walikuwapo na waliona. Wahariri wetu nao walikuwa na mwenye mali, mwenye mali ana leseni, na leseni ina mwenyewe. Ugonjwa ni uleule, tofauti ni hali ya hewa.

Basi kila unapowasha televisheni, ya kwao au ya kwetu, jiulize maswali matatu. Je, katika saa hii nimeambiwa jambo nililokuwa silijui? Je, aliyeniambia alikwenda, au alikaa? Je, mwenye chombo hiki anamwogopa nani? Ukikosa jibu zuri kwa yote matatu, zima. Hasara wanayoielewa wachuuzi wa habari ni moja tu: mtazamaji aliyeondoka.

Na ukikiona chombo, hata kidogo, hata cha karatasi duni na wino unaochafua vidole, ambacho mwandishi wake alikwenda, akaona, akarudi akasema, kinunue. Usikiazime kwa jirani.

Mwenye macho haambiwi tazama.